Uwanja wa kulenga shabaha: ni nani anayelipa gharama?

Katika mazungumzo yetu na vijana wa Musienene na Butembo, swali hili limetokea zaidi ya mara moja: kama nchini Kenya kuna viwanja ambapo watu hulipa pesa ili kufyatua risasi kwenye shabaha, kwa nini mfanyabiashara wa kwetu asifungue uwanja kama huo? Vijana wangepata kazi, na wenye kupenda bunduki wangekuwa na mahali pa kuzitumia bila kumdhuru mtu.

Swali hili linastahili jibu kamili. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na watu wake wamezoea kuanzisha kazi bila kungojea msaada wa serikali. Makala haya yanaeleza uwanja wa shabaha unadai nini, na kwa nini sisi tunaofanya kazi ya amani tunataka kila mtaa uelewe hesabu hiyo.

Ardhi na tuta

Risasi isiyozuiliwa hufika mbali sana. Hata ile ndogo ya bunduki ya kujifunzia inaweza kuruka zaidi ya kilometa moja, na ile ya kalashi zaidi ya kilometa 2. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni tuta kubwa la udongo nyuma ya shabaha, lenye urefu wa mita kadhaa, na kuta za pembeni. Udongo wa tuta usiwe na mawe, kwa sababu risasi ikigonga jiwe hurudi au hugeuka njia.

Tazama sasa milima yetu. Kutoka kilima chochote cha Musienene, ukihesabu kilometa 2, utakuta shamba la maharage, shule, soko au barabara ya Butembo kwenda Lubero. Ardhi tupu ni haba, na migogoro ya mashamba ni mingi tayari. Tena mvua zetu hubomoa udongo kwenye miteremko, hivyo tuta lazima litengenezwe tena na tena. Hiyo ni gharama isiyokwisha.

Sheria

Nchini kwetu, silaha zinasimamiwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Silaha za vita haziruhusiwi kwa raia, na silaha za aina nyingine zinahitaji kibali. Zaidi ya hayo, tangu azimio namba 1807 la mwaka 2008, vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa vinawalenga watu na makundi yote yasiyo ya serikali yanayofanya kazi Kongo. Mfanyabiashara anayetaka kuagiza bunduki na risasi atakutana na vikwazo hivyo kabla hata ya kufika mpakani Kasindi. Na tangu Mei 2021, jimbo la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Hata Kenya, ambako viwanja vipo, kama kile cha Kirigiti huko Kiambu, mambo si mepesi. Kila mwenye bunduki anahitaji leseni, na Desemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wahakikiwe upya. Biashara yote inasimama juu ya orodha ya wenye silaha ambayo serikali inaijua na inaweza kuichunguza. Sisi bado hatujafika hapo.

Wateja

Je, nani angekuja? Askari na polisi wana mazoezi yao. Walinzi wa makampuni binafsi nchini Kongo hawaruhusiwi kubeba bunduki. Kuwinda ndani ya Hifadhi ya Virunga ni marufuku. Raia wenye kibali cha bunduki ni wachache. Wanaobaki ni wale wenye silaha bila kibali, na hao tunawajua. Uwanja usio na wateja wa halali wa kutosha utajikuta ukiwafundisha wengine kulenga vizuri zaidi.

Hesabu ya risasi

Tufanye hesabu ya mfano. Wateja 10 kwa siku, kila mmoja risasi 50, siku 6 kwa juma: ni risasi 3.000. Kila moja lazima iandikwe ilipotoka na ilipokwenda. Zikipotea 30 tu kwa juma, hakuna atakayeona haraka; lakini 30 ni magazini nzima ya kalashi. Mahali ambapo vikundi vyenye silaha vinatafuta risasi kila siku, ghala kama hilo linahitaji walinzi usiku na mchana, nalo lingewavuta wavamizi hadi katikati ya mtaa.

Ghala lenyewe ni hatari pia. Mlipuko wa ghala la jeshi la Mpila, Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012, uliua watu zaidi ya 200. Dar es Salaam iliona maafa ya namna hiyo Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011. Ghala la uwanja ni dogo kuliko hayo, lakini fundisho ni lilelile: baruti haihifadhiwi karibu na nyumba za watu.

Afya

Risasi nyingi za bastola zina madini ya risasi ndani yake, na kila moja ina uzito wa karibu gramu 8. Risasi 3.000 kwa juma ni kilo 24, na kwa majuma 50 ni kilo 1.200 zinazobaki ndani ya tuta. Madini haya ni sumu. Hudhuru ubongo wa mtoto, na mwili wa mtoto huyapokea kwa wingi kuliko mwili wa mtu mzima. Mvua ikiyashusha bondeni, yanaweza kufika kwenye chemchemi tunazochotea maji. Mlio wa bunduki nao huharibu masikio ya asiyevaa kinga.

Kuna jambo jingine lisiloandikwa kwenye bajeti. Hapa kwetu, milio ya risasi ina maana moja: kimbia. Tangu Oktoba 2014 familia nyingi za Beni zimepoteza watu wao katika mauaji, na wengi wamekimbilia Butembo na Lubero. Mama aliyekimbia usiku na watoto hawezi kungojea aambiwe kwamba leo ni mazoezi tu.

Majirani wa Archer's Post

Kaskazini mwa Kenya, karibu na Archer's Post, askari wa Uingereza walifanya mazoezi kwa miaka mingi kwenye ardhi ambayo Wasamburu walichungia mifugo. Mabomu yasiyolipuka yalibaki ardhini. Wachungaji, wengi wao watoto, waliyaokota. Baadhi walikufa, wengine walipoteza viungo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4,5 kwa watu zaidi ya 200. Jeshi tajiri, lenye wahandisi na ramani, liliwaachia majirani gharama, na malipo yalikuja baada ya miaka ya malalamiko.

Viwanja visivyo na jina

Jimbo letu lina historia yake. Kuanzia 2005, wapiganaji wa makundi mbalimbali walichanganywa na kufundishwa katika kituo cha Nyaleke, karibu na Beni. Vikundi vyenye silaha navyo hufyatua risasi vilimani bila tuta, bila daftari, bila kumwonya mkulima. Hakuna anayeviita viwanja, lakini gharama zote tulizotaja zipo, na wakulima ndio wanaozilipa.

Kwa hiyo, mtu yeyote akitaka kufanya mazoezi ya silaha karibu na mtaa wenu, awe na cheo au pesa, muulizeni kwa heshima, mkiwa pamoja na wazee na viongozi wa usultani:

- Ana kibali cha nani, na kinaonyesha mahali gani?
- Risasi zitazuiliwa na nini? Nyuma yake kuna nini hadi kilometa 2?
- Siku na saa ni zipi, na wananchi watajulishwa vipi?
- Nani atasafisha mahali hapo, na nani atalipa mtu akiumia?

Watoto wafundishwe kwamba maganda ya risasi na vyuma vya ajabu shambani si vya kuchezea wala kuuza. Usiguse, usisogeze, usitupie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, waonye wengine, kisha mjulishe kiongozi.

Na vijana waliouliza swali? Nguvu yao ya kutafuta kazi ni mali ya mtaa. Tuketi nao tufanye hesabu ya namna hii kwa kazi nyingine: kiwanda kidogo cha mbao, usindikaji wa kahawa, gereji ya pikipiki. Huko, wakipata hasara, hakuna atakayezikwa.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, milio ya risasi inawafanyia nini watoto na wazee?
2. Ni nani anayepaswa kuulizwa kabla ya ardhi kutumiwa kwa mazoezi ya silaha?
3. Ni kazi gani vijana wetu wanaweza kuanzisha bila majirani kulipa gharama?