Kabla Hujahama Kampuni ya Intaneti

Hasira ya mtu aliyelipia intaneti ya mwezi mzima kisha ukurasa unazunguka tu haufunguki, mimi naielewa. Mtoto ana kazi ya shule ya kutuma, mama wa duka anangoja ujumbe wa mteja wa Busia, na kila kitu kimekwama. Neno la kwanza linalomtoka mtu ni kwamba kampuni hii haifai, kesho nahama. Lakini hapa Namboboto, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, ukihama kabla ya kujua palipoharibika, unaweza kulipa upya na kukutana na shida ileile.

Nyumba nyingi huku hazijafikiwa na faiba. Tunatumia ruta yenye laini ya simu, inayonasa mawimbi kutoka kwenye busta, yaani mnara wa simu. Ukiitazama busta vizuri utaona masahani ya duara yamefungwa juu yake. Mara nyingi hayo ndiyo yanayobeba data kuipeleka busta nyingine, na nyingine tena, mpaka ifike penye faiba. Kutoka hapo data inakwenda hadi Mombasa na kuingia kwenye nyaya za baharini kama TEAMS, iliyofika mwaka 2009.

Ndiyo maana simu yako inaweza kuonyesha vijiti vyote vya mtandao huku intaneti imekufa kabisa. Vijiti hivyo vinapima nguvu ya mawimbi kati yako na busta, basi. Stima ikipotea kwenye busta ya katikati na betri zake zikaisha, busta yako itaendelea kutoa mawimbi lakini haina pa kuipeleka data. Na kampuni mbili zikiwa zimekodi mlingoti mmoja au zinapitia njia moja, ukihama kutoka moja hadi nyingine hujaenda popote.

Wakati mwingine tatizo liko mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kusini mwa bara letu, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama hiyo hata fundi bora wa Funyula hana la kufanya. Kampuni inayopona ni ile iliyonunua nafasi kwenye waya mwingine.

Sisi wa mpakani tuna balaa letu wenyewe. Mawimbi hayasimami kwenye Mto Sio wa mpakani kukaguliwa. Laini ya Kenya ikipoteza mtandao wake kwa muda, labda kwa sababu kilima cha Samia kimeikinga, simu au ruta inaweza kushika mtandao wa Uganda na kukaa huko. Data ya ng'ambo (roaming) ikiwa imezimwa, intaneti inakatika. Ikiwa imewashwa, pesa zinakwenda. Ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao unaojiendesha, kisha uchague mwenyewe mtandao wako wa Kenya. Ni kazi ya dakika chache, na nyumba nyingi hazijawahi kuifanya.

Halafu kuna mabati. Bati linarudisha mawimbi. Ruta iliyowekwa nyuma ya televisheni katika nyumba ya kuta za mabati inasikia busta kwa shida sana. Isogeze dirishani, upande unaotazama busta, iinue juu, na upime tena kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Kipimo ninachokiamini kuliko matangazo yote ni hiki: azima laini ya kampuni unayotaka kuhamia, itie kwenye simu moja, simama palepale ruta inapokaa. Pima laini hiyo na yako ya sasa alfajiri, kisha uzipime tena kati ya saa moja na saa nne usiku. Ikiwa laini yako ya sasa inakimbia alfajiri na kutambaa usiku, busta imelemewa na watu. Hapo kuhamia busta yenye watu wachache kutakusaidia kweli. Ikitambaa saa zote, chunguza kwanza mahali ilipo ruta, kisha uangalie kama kifurushi chako hupunguzwa kasi ukishatumia kiasi fulani cha data.

Starlink, intaneti ya setelaiti iliyoanza Kenya Julai 2023, inaruka mabusta yote, kwa kuwa setelaiti zake ziko kilomita mia kadhaa juu yetu. Kwa nyumba iliyojificha nyuma ya kilima ni msaada mkubwa. Hata hivyo sahani yake inataka anga wazi, mwembe wa uani utaisumbua, na stima ikipotea nayo inazimika. Tena nafasi yake ina mwisho: mwishoni mwa 2024 ilisitisha kuwapokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu ya kulemewa.

Ukishaamua kuhama, uliza kabla ya kulipa kama ruta unayouziwa inakubali laini ya kampuni nyingine. Nyingi zimefungwa kwa kampuni moja, na siku ukitaka kuondoka tena utalazimika kununua mashine mpya. Uliza pia kama utarudishiwa pesa ikishindwa kufanya kazi nyumbani kwako, na jibu hilo lidai kwa maandishi.