Karanga Ni Chakula Bora, Lakini Wako Zinaowadhuru

Karanga ni chakula bora. Zinajenga mwili na kutia nguvu. Ndiyo maana tunashauriwa kuziweka katika uji wa watoto na katika mboga. Lakini wako watu wachache ambao karanga huwadhuru. Mtu wa namna hiyo akila punje chache tu, midomo huvimba, ngozi huwasha na pumzi hubana. Wenzake wamekula chungu hicho hicho, nao hawana neno.

Hapo maneno huanza. Huyu anasema mtu amerogwa. Yule anasema kalishwa sumu. Ndugu wasomaji, hapo hakuna mchawi. Hali hiyo inaitwa mzio. Wengine huiita aleji.

Mzio hutokeaje?

Ndani ya karanga mna protini. Protini ndiyo sehemu ya chakula inayojenga mwili. Imo pia katika maharage, soya, ufuta, korosho na ngano.

Mwili wetu una askari wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa watu wengi, askari hao huiacha protini ya karanga ipite salama. Kwa mtu mwenye mzio, askari hukosea. Huidhania protini hiyo kuwa adui. Ni kama mgambo wa kijiji anayemkamata mgeni mwema akidhani ni mwizi.

Kwanza mwili hutengeneza silaha tu, na mtu haoni dalili yoyote. Siku nyingine akila tena, silaha zile hufyatuka. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mbona juzi nilikula na sikuumwa?"

Dalili zake

Dalili huanza baada ya dakika chache, na mara nyingi kabla ya saa 2 kupita. Nazo ni hizi:

1. Ngozi kuwasha na kutoka mabaka.
2. Midomo, macho au ulimi kuvimba.
3. Tumbo kusokota, kutapika au kuharisha.
4. Kukohoa, sauti kukauka na kifua kubana.
5. Kizunguzungu au kuzimia.

Ukiona ulimi unavimba, pumzi inabana au mtu anazimia, hiyo ni hatari. Anaweza kufa.

Tufanye nini?

Mpelekeni upesi zahanati au kituo cha afya. Msingoje kesho. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, nayo hupigwa kwenye msuli wa paja. Vidonge vya kuzuia mwasho peke yake havitoshi. Wakati wa kungoja usafiri, mlazeni chali na kuinua miguu yake. Kama anahema kwa shida, mwacheni aketi. Asitembee, bali abebwe. Msimtapishe, wala msimpe maziwa mkidhani yataua sumu. Maziwa hayaondoi mzio. Akipata nafuu, abaki hapo saa kadhaa aangaliwe, kwa sababu dalili huweza kurudi.

Baada ya hapo mganga atamweleza chakula cha kuepuka. Asiache vyakula vyote ovyo. Mtu anaweza kudhurika na karanga, lakini akala maharage bila taabu.

Mambo ya jikoni

Kukaanga karanga hakuondoi mzio. Kuzichemsha nako hakutoshi. Tena kiasi kidogo sana kinaweza kudhuru. Mama akitwanga karanga, kisha akatwanga kisamvu katika kinu hicho hicho bila kukiosha, protini ya karanga itaingia katika kisamvu. Basi kinu, mwiko na sufuria vioshwe vizuri kwa maji na sabuni. Ukinunua unga wa lishe, uliza umechanganywa na nini. Mara nyingi una karanga, soya au ufuta.

Si kila madhara ni mzio

Maharage mekundu yasiyoiva yana protini inayotapisha na kuharisha. Hiyo humdhuru kila anayeyala, si mtu mmoja. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika 30, na endelea mpaka yaive. Karanga zenye ukungu nazo huwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Zitupe.

Je, tuwanyime watoto karanga?

Hapana. Mwaka 2015 madaktari wa London walitangaza matokeo ya utafiti wao. Walichukua watoto wachanga 640 walioelekea kupata mzio. Nusu walilishwa karanga, na nusu walinyimwa. Walipofika miaka 5, katika kila watoto 100 walionyimwa, 17 hivi walikuwa na mzio wa karanga. Kwa waliolishwa, walikuwa 3 hivi tu. Mwili ulizizoea mapema.

Kwa hiyo mtoto akitimiza miezi 6, mwanzishie karanga zilizosagwa laini ndani ya uji, kidogo kidogo. Usimpe karanga nzima kabla ya miaka 5, maana zinaweza kumpalia. Kama ana ukurutu mkali, au amewahi kudhurika na chakula kingine, kwanza muulize mganga wa zahanati.

Na mtoto wa jirani akija kwako kucheza, usimpe karanga kabla ya kumuuliza mama yake. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo naye asifiche. Awaambie bibi, majirani na mwalimu wa shule, ili wote wamlinde.