Huzuni Isiyo na Mtenda: Kitenzi Kimoja katika Nyimbo za Remmy Ongala

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza kwa nini nyimbo za majonzi hupendwa hata na watu waliokwisha kulia vya kutosha. Mfano wetu ni albamu Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, iliyotolewa Uingereza mwaka 1989. Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, na kufariki huko mwaka 2010.

Tuchukue jina la wimbo mmojawapo, "Nasikitika". Kitenzi sikitika kina mwenziwe, sikitisha. Huyu wa pili hudai mtenda: fulani amenisikitisha. Yule wa kwanza hutaja hali tu, aliyeileta hatajwi.

Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo inayomkaribisha msikilizaji. Mtu wa Uvira aliyevikimbia vita vya 1996 hadi kambi ya Nyarugusu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na yule aliyebomokewa na nyumba katika mafuriko ya Aprili 2020, wote wawili waweza kuutia msiba wao humo, pasipo kulazimika kumtaja adui mbele ya jirani. Magitaa nayo, kwa mdundo wake wa kucheza, huwazuia wasizame.

Kwa hiyo, si lazima wimbo wa huzuni uzidishe huzuni. Waweza kuigawanya, ili kila mmoja abebe kiasi anachokimudu.