Umeitwa usaili wa Mtendaji wa Kijiji? Anza kujiandaa hapo hapo kijijini kwako

Halmashauri ikitangaza nafasi za Watendaji wa Vijiji, simu ya studio yetu haipumziki. Wanaopiga ni vijana wenye cheti cha utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, wengine wametoka Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo, Dodoma. Swali lao ni moja: "Mtangazaji, ndani ya chumba kile wanauliza nini?"

Hewani tumelijibu mara nyingi, ila dakika tano za kipindi huisha kabla hatujafika mbali. Leo tumeliandika ili ulisome taratibu kwenye simu yako, urudie unapotaka.

Kabla ya maswali, tuanze na mlangoni. Msikilizaji wetu mmoja aliuza mbuzi wawili apate nauli ya kwenda kwenye usaili. Alisafiri usiku kucha, akafika getini saa moja kasoro asubuhi, kavaa vizuri, kasoma vizuri. Kwenye meza ya uhakiki ikaonekana cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cheti cha kidato cha nne hakina. Alikuwa anajua tofauti hiyo tangu akiwa chuoni, akadhani haina shida. Saa mbili asubuhi alikuwa tayari nje ya geti, anatupigia simu huku analia. Hakuulizwa hata swali moja.

Kwa hiyo siku unapoona jina lako kwenye orodha ya walioitwa, kabla hujafungua daftari, tandika vyeti vyako vyote kitandani. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulifika huko, cha chuo, na kitambulisho chako, iwe cha NIDA, cha mpiga kura au leseni ya udereva. Soma majina herufi kwa herufi. "Mohamedi" na "Mohamed" kwako ni mtu mmoja, kwa mhakiki ni watu wawili. Ukikuta tofauti, soma tangazo linataka hati gani ya kisheria kuhusu majina, kisha nenda kwa wakili mapema. Kazi hiyo ina gharama na ina siku zake, haifanyiki asubuhi ya usaili.

Vyeti viwe halisi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba karatasi ya matokeo ya muda haikubaliwi, na kwamba nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe. Kama cheti chako cha chuo bado hujakichukua, au kimezuiwa kwa sababu ya ada, hilo ndilo la kushughulikia kwanza, hata kabla ya kusoma.

Tuje sasa kwenye maswali.

Wengi wakiitwa wanakimbilia kutafuta "maswali ya usaili yaliyopita" kwenye makundi ya WhatsApp. Hatusemi ni vibaya, lakini tumeona karatasi hizo zikizunguka, na nyingine zina majibu ya uongo mtupu. Karatasi bora unayo tayari: ni tangazo lenyewe la kazi, kile kipande kinachoanza na "Majukumu ya kazi". Pale wameandika kwamba Mtendaji wa Kijiji ni Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji. Ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Anasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Anatunza kumbukumbu na nyaraka, anapokea na kusikiliza malalamiko na migogoro, anasimamia utungaji wa sheria ndogo, na anawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Karibu kila swali utakaloulizwa linatoka humo. Chukua kila jukumu, jiulize: hili kijijini kwetu linafanyikaje?

Hapo ndipo wewe uliyekulia kijijini unapokuwa na mtaji, na ndipo wengi wanapouacha nyumbani. Mwenzako wa mjini atakariri. Wewe unaweza kwenda kuona. Nenda ofisi ya kijiji, msalimie mtendaji wako kwa adabu, mwambie umeitwa usaili na unaomba akueleweshe kazi yake. Watendaji wengi watafurahi, maana ni nadra mtu kuingia ofisi ile bila kuleta ugomvi wa mpaka. Muulize muhtasari wa kikao unaandikwaje. Muulize taarifa anayoipeleka kata ina nini ndani. Angalia ubao wa matangazo kama mapato na matumizi yamebandikwa. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kabla ya safari yako, usiukose, na safari hii kaa mbele, sio chini ya mwembe.

Kuna mambo ya msingi ambayo ni lazima uyajue bila kugugumia. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na kwa kawaida hukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Haya yanatokana na sheria ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa, ile ya Mamlaka za Wilaya. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, na Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, angalau watatu wakiwa wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Sheria ndogo nayo haitungwi na mtendaji peke yake mezani: Halmashauri ya Kijiji huandaa mapendekezo, wananchi hutoa maoni kwenye mkutano mkuu, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa.

Mtego unaowaangusha wengi ni huu: nani anaongoza mkutano wa kijiji? Ni mwenyekiti, ambaye amechaguliwa na wananchi. Mtendaji ni mwajiriwa, na mkutanoni ni katibu. Ukisema "nitamwagiza mwenyekiti", jopo litajua hujui unakwenda kufanya kazi na nani.

Baada ya maswali ya kujua, huja maswali ya "ungefanyaje". Tukupe mfano unaofanana na yale wanayotusimulia wasikilizaji waliotoka usailini. Ng'ombe wa mfugaji wamelala ndani ya shamba la mahindi. Mwenye shamba amepiga yowe, vijana wamekuja na mapanga. Wewe ni mtendaji, una mwezi mmoja kazini. Utafanya nini?

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni, "Nitawaita wote niwaelimishe umuhimu wa amani." Jibu hilo halina kosa la lugha, ila wakati unaelimisha, mtu anakatwa. Fikiri kama uko pale. Kwanza ni uhai: unampigia mwenyekiti na mgambo mfike wote, unamjulisha Mtendaji wa Kata na polisi, unatenganisha pande mbili, mifugo inatolewa shambani bila kujeruhiwa. Likishatulia, unamwita afisa kilimo afanye tathmini ya hasara, unaandika majina ya walioshuhudia. Kisha unazikutanisha pande mbili mbele ya viongozi wa kijiji, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Wakishindwana, au kama kuna aliyeumizwa, suala linakwenda kwenye vyombo vya sheria, kwa sababu wewe ni mlinzi wa amani, sio hakimu. Taarifa unaipeleka kata. Ukiwa umewahi kuona ugomvi wa namna hiyo kijijini kwenu, sema ulionaje na kipi kilisaidia. Jopo linasikia sauti ya mtu aliyekuwepo.

Swali jingine la kujiandaa nalo ni la fedha. Wananchi wamechanga kumalizia zahanati, na mwenyekiti, mzee unayemheshimu, anakuomba umwazime kidogo, kesho kutwa atarudisha. Hapa usitoe hotuba ya kupinga rushwa. Sema utamkatalia kwa heshima, mkiwa wawili, na kwa sababu gani: fedha ile imepokelewa kwa stakabadhi, ina kazi moja tu, na kwenye mkutano mkuu wewe ndiye utakayesimama kusoma mapato na matumizi. Sema pia kwamba fedha itapelekwa benki mapema isikae droo ya ofisi. Hicho kipande cha benki ndicho kinachoonyesha kwamba umelifikiria jambo lenyewe.

Usaili mara nyingi huanza na wa kuandika, ule wa mchujo, na wanaofaulu ndio huitwa kwenye mahojiano. Kwenye kuandika, jibu kilichoulizwa. Wameomba majukumu matano, andika matano, usiandike tisa dhaifu. Maswali yanaweza kuja kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo jifunze kuyaeleza majukumu yale yale kwa lugha zote mbili, kwa sentensi fupi.

Kwa mahojiano, tunakupa zoezi letu la redio. Chukua simu, washa kinasa sauti, jitambulishe kwa dakika mbili: jina, elimu, kazi ulizofanya, kwa nini unaiomba nafasi hii. Kisha jisikilize. Utaudhika. Sisi wenyewe tulipojisikia mara ya kwanza studio tulitaka kurudi nyumbani. Kila baada ya maneno matatu kulikuwa na "yaani". Rudia mara tano na utasikia mwenyewe yanavyopungua. Halafu mwombe mjomba au jirani akuulize maswali, tena mtu mkali, asiwe rafiki atakayecheka nawe.

Na usiseme "sina uzoefu". Umekuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa? Hiyo ni kutunza kumbukumbu na fedha za watu. Uliandikisha kaya kwenye sensa ya mwaka 2022? Ulisimamia zamu za kamati ya maji? Yataje, kwa idadi na mwaka: wanachama wangapi, mlikutana mara ngapi, mgogoro gani uliumaliza. Lakini usiongeze chumvi, kwa sababu swali la pili litachimba hapo hapo.

Mavazi hatutayasemea sana. Safi, yamepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi la safari. Suti ya kuazima inayokubana haikusaidii kitu. Fika jana yake kama umbali unazidi saa chache, simu izimwe kabla ya kuingia, salamu kwanza, na usikae mpaka ukaribishwe. Swali usipolielewa, omba lirudiwe. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa hilo. Usilolijua, sema hulijui.

Kuna wanaotupigia wakiuliza kama ni kweli kuna mtu wa kumpa laki tatu jina lipite. Kuomba kazi serikalini hakulipiwi, wala usaili haulipiwi. Anayekupigia akijiita afisa wa ajira na kutaka utume pesa kwa simu ni tapeli. Hifadhi namba yake na uitoe taarifa TAKUKURU kwa namba 113, ni bure. Laki tatu hiyo ndiyo nauli yako, chakula chako na wakili wako wa majina.

Yule msikilizaji wa mbuzi wawili alirekebisha hati zake mwezi uliofuata. Tangazo jingine lilipotoka aliomba tena, akaitwa, akapita mlangoni, mchujo akafaulu. Mahojiano hakupata alama za kutosha, na alituambia aliteleza wapi: aliulizwa sheria ndogo inapitia hatua gani, akaishia kwenye mkutano mkuu, akasahau wilaya. Siku hizi huwa anakwenda ofisi ya kijiji chao Jumatano, anamsaidia mtendaji kupanga mafaili, akisubiri tangazo lijalo.