Je, Wajua? Karatasi za Gari Zinapohamia Kwenye Kompyuta

Kadi ya gari, leseni, stika ya bima, risiti ya malipo: kwa miaka mingi dereva hakuthubutu kutoka nyumbani bila mkoba wa karatasi. Sasa karatasi hizo zinaondoka moja baada ya nyingine, na taarifa zake zinahamia kwenye kanzidata. Gari ni mali kubwa, kwa wengi wetu ya pili baada ya nyumba, na kwa dereva wa daladala au bodaboda chombo ndicho riziki yenyewe. Tuyajue mabadiliko haya kabla hayajatukuta.

Je, wajua kwamba vibao vya kwanza vya magari viliandikwa jina la mwenye gari? Mwaka 1893 polisi wa Paris waliagiza kila gari la injini libebe kibao cha chuma chenye jina na anwani ya mmiliki, pamoja na namba. Baadaye, nchi baada ya nchi, jina likawekwa daftarini na barabarani ikabaki namba peke yake. Tangu hapo namba ya gari haisemi kitu mpaka daftari lifunguliwe.

Je, wajua kwamba Uingereza ilianza na madaftari mengi, si moja? Namba za magari zilipokuwa lazima tarehe 1 Januari 1904, kila halmashauri iliandikisha magari ya eneo lake. Ilichukua hadi miaka ya 1970 kumbukumbu hizo kukusanywa kwenye kompyuta za ofisi moja, mjini Swansea, Wales.

Je, wajua kwamba stika ya kodi ya barabara ya Waingereza iliishi zaidi ya miaka 90? Kiduara hicho cha karatasi kilianza kubandikwa mwaka 1921, kikafutwa tarehe 1 Oktoba 2014. Sababu ni nyepesi kueleweka: polisi walikuwa tayari na kamera zinazosoma namba ya gari na kuuliza kanzidata papo hapo kama kodi imelipwa. Karatasi ya kiooni ikawa haina kazi.

Lakini je, wajua kilichofuata? Uchunguzi wa serikali ya huko ulionyesha kuwa magari yanayotembea bila kodi yalikuwa asilimia 0.6 mwaka 2013. Mwaka 2015 yakafika asilimia 1.4, na mwaka 2017 asilimia 1.8. Stika iliyo mbele ya macho kila asubuhi ilimkumbusha dereva tarehe ya mwisho. Kanzidata haimkumbushi mtu asiyeifungua. Kila serikali inayoondoa karatasi inawajibika kuweka kikumbusho mahali pake, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Je, wajua kwamba siku hiyohiyo stika ilipofutwa, Uingereza ilibadilisha kanuni ya mauziano? Zamani miezi ya kodi iliyobaki ilikwenda na gari kwa mnunuzi. Tangu Oktoba 2014 muuzaji anapotoa taarifa ya kuuza, anarudishiwa fedha ya miezi kamili iliyobaki, na mnunuzi anapaswa kulipa yake kabla ya kuwasha injini. Wapo walioondoka na gari kwa furaha ya ununuzi bila kujua kwamba kodi imebaki kwa mwenye zamani.

Je, wajua kwamba unaweza kumwonyesha mtu rekodi ya leseni yako bila kumpa leseni? Karatasi iliyoambatana na leseni ya Uingereza, iliyoandikwa makosa ya dereva, ilifutwa tarehe 8 Juni 2015. Leo dereva anayekodi gari huko huingia mtandaoni na kutoa namba ya siri ambayo kampuni huitumia kuona rekodi yake. Namba hiyo hufa baada ya siku 21.

Je, wajua nani aliwahi kuzibandua stika? Jimbo la Australia Magharibi liliziondoa kwenye magari madogo tangu Januari 2010. Ufaransa ilifuta kikaratasi cha kijani cha bima kwenye kioo tarehe 1 Aprili 2024. Askari sasa anaangalia rejista ya magari yenye bima. Nchini Estonia dereva halazimiki hata kutembea na leseni akiwa ndani ya nchi, kwa kuwa polisi wanaiona kwenye mfumo.

Je, wajua kwamba India imeweka jambo hili kwenye kanuni za sheria? Tangu tarehe 1 Oktoba 2020, hati ambayo askari ameshaithibitisha kwa njia ya kielektroniki haidaiwi tena kwa karatasi. Nchi yenye mamia ya mamilioni ya magari na pikipiki imemwondolea dereva usumbufu wa kudaiwa kitu ambacho serikali yenyewe inacho.

Je, wajua kwamba leseni ya kwenye simu haimlazimu dereva kumkabidhi askari simu yake? Kiwango cha kimataifa cha ISO 18013-5, kilichotolewa mwaka 2021, kimepanga hivi: simu inaonyesha msimbo, kifaa cha askari kinausoma, kisha taarifa zinapita kati ya vifaa viwili bila simu kutoka mkononi mwa mwenyewe. Kazi hiyo hufanyika hata pasipo intaneti. Tena mwenye leseni anaweza kuthibitisha jambo moja tu, kwa mfano kwamba ametimiza miaka 18, bila kufichua anwani yake. Kadi ya plastiki haiwezi hilo: ukiitoa, umetoa yote.

Je, wajua kwamba hati za gari lako lililotoka Japani nazo zimebadilika? Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutoka huko. Tangu Januari 2023 cheti cha ukaguzi cha Japani kimeacha kuwa karatasi ya A4. Sasa ni karatasi ndogo ya A6 yenye chipu, na baadhi ya taarifa, kama muda wa cheti kuisha, zimo ndani ya chipu na husomwa kwa programu. Anayeagiza gari asitosheke na picha ya karatasi aliyotumiwa na wakala.

Je, wajua kwamba kitambulisho halisi cha gari ni namba ya chesisi? Kibao hung'olewa na kufungwa kingine. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma, na kwa kiwango cha kimataifa ina tarakimu na herufi 17. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukiona mojawapo ya herufi hizo kwenye namba ya aina hiyo, simama: ama imeandikwa vibaya, ama imechezewa. Magari mengi ya soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi ya mfumo wao, kwa hiyo kipimo hiki hakiyahusu.

Je, wajua kwamba kumbukumbu nzuri inamlinda mnunuzi dhidi ya mita iliyorudishwa nyuma? Ubelgiji ilianzisha Car-Pass mwaka 2006. Kila gari linapofanyiwa matengenezo, fundi hutuma kilomita zilizosomwa, na muuzaji wa gari lililotumika analazimika kisheria kumpa mnunuzi historia hiyo. Mtu akishusha kilomita, rekodi inamuumbua.

Je, wajua kwamba Tanzania iliondoa ada ya leseni ya gari ya kila mwaka? Ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kwa lita. Anayetembea zaidi analipa zaidi, na hakuna foleni wala stika. Bima nayo imefuata: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeweka mfumo ambamo mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuhakiki kama bima yake ni halali. Stika bandia zilizouzwa mitaani zilistawi kwa sababu karatasi ilisadikiwa bila kuulizwa. Faini za barabarani pia huangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari.

Je, wajua kwamba gari uliloliuza laweza kuendelea kukuletea faini? Hapa ndipo wengi huumia. Muuzaji anakabidhi kadi na funguo, mnunuzi anatoa fedha, wanasainiana mkataba, kila mtu anakwenda zake. Kubadilisha umiliki wanaliacha kwa siku nyingine, na siku hiyo haiji. Kamera inapopiga picha, mfumo haujui mkataba ulio kabatini. Unajua jina lililo kwenye rejista. Gari likigonga mtu na kukimbia, polisi wataanza na jina hilohilo. Mnunuzi naye ana hasara yake: mwenye jina akifariki, atajikuta anashughulika na warithi asiowafahamu. Nchini Kenya huduma za usajili zilihamia eCitizen mwaka 2023. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, mnunuzi huukubali kwenye yake. Jirani zangu, fedha na jina vihame siku moja.

Je, wajua kwamba rejista ya taifa yaweza kuzimwa na adui? Ukraine, iliyoanzisha programu ya Diia mwaka 2020 ikiwa na leseni ya udereva na hati ya gari kati ya hati zake za kwanza, ilipata shambulio la mtandao Desemba 2024 lililosimamisha rejista za Wizara ya Sheria. Kuzirejesha kulichukua wiki. Nakala rudufu iliyohifadhiwa mbali ni sehemu ya huduma yenyewe, na fedha zake zitengwe tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba mpakani karatasi bado ina nguvu? Kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968, ni kijitabu cha kushika mkononi. Picha ya leseni kwenye simu inayokubaliwa kwenu si lazima ikubaliwe ng'ambo. Ukivuka mpaka, beba hati halisi.

Je, wajua kwamba sheria inakupa haki ya kuiona kumbukumbu yako na kudai irekebishwe? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zamani ulilinda mali yako kwa kuficha kadi sandukuni. Sasa unailinda kwa kuhakikisha rejista inasema kweli. Wiki hii hakiki mambo manne: jina lako, namba ya chesisi, tarehe ya bima kuisha na faini zilizosajiliwa. Ukikuta kosa, omba lirekebishwe kwa maandishi, na uitunze namba ya ombi lako.