Mwongozo wa Zamani Usimponze Karani

Ndugu wafanyakazi wa Busia na Tororo, tangu mwaka 2014, nchi zetu zilipoanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, taarifa za mzigo hulitangulia lori. Kwa kawaida ushuru wa bidhaa ziendazo Uganda hulipwa mzigo ungali Mombasa, na dereva akifika Busia au Malaba hukuta habari zake zimo tayari kwenye kompyuta. Zisipokuwamo lori husimama, na wa kwanza kulaumiwa ni karani.

Mara nyingine kosa si lake. Watengenezaji wa programu hutumia kitu kiitwacho mkondo wa kuandikia: upande mmoja unamimina data, upande wa pili unapokea. Ni kama wapakiaji wa saruji pale Tororo. Aliye chini anapandisha mifuko, aliye juu ya lori anapanga. Ikimzidi husema "ngoja", akishapanga husema "leta". Lakini katika kompyuta anayepuuza "ngoja" hazuiwi na mtu. Data hulundikana kwenye kumbukumbu mpaka ijae na programu ianguke.

Sasa, "ngoja" hutoka lini? Sisemi mashine za forodha zinatumia Node.js, natoa mfano tu, maana chombo hicho kinatumika sana duniani. Kwa miaka mingi kiwango chake cha kawaida kilikuwa kilobaiti 16. Toleo la 22, la mwaka 2024, lilikipandisha hadi 64. Mwongozo ulionakiliwa kabla ya hapo bado unasema 16, na karatasi haijirekebishi. Fundi mwenye mikondo 1,000 atatenga megabaiti 16 hivi, kumbe ikijaa yote itataka 64.

Kusahihisha maandishi hayo ni kazi kamili: kuisoma programu, kuijaribu, kuandika upya. Waajiri wasioielewa huitaka ifanywe baada ya saa za kazi, bila malipo, kama hisani. Tunadai iingizwe katika orodha ya majukumu na ilipwe. Kila ukurasa uwe na tarehe na namba ya toleo, ili karani wa zamu ya usiku ajue anasoma habari za mwaka gani. Na barua ya onyo isitolewe kabla ya kukaguliwa mwongozo aliopewa mfanyakazi kuufuata.