Blokcheni ni nini? Daftari la watu wengi, na matapeli wanaojificha nyuma ya jina lake

Kila tunapopokea maswali ya wasikilizaji kuhusu pesa, haupiti muda mrefu kabla mtu hajauliza kuhusu "zile pesa za mtandaoni". Mmoja ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp asilolijua. Mwingine ametumiwa ujumbe na shemeji yake aliye mjini kwamba akiweka laki mbili zitazaa kila wiki. Na mara nyingi ujumbe wa namna hiyo huwa na neno moja ndani yake: blokcheni.

Neno hilo si la uongo. Blokcheni ni teknolojia ya kweli na inafanya kazi. Lakini inafanya kazi fulani tu, na matapeli wanategemea kwamba hujui kazi hiyo inaishia wapi. Katika makala haya tunaeleza hatua kwa hatua jinsi inavyofanya kazi, ili ujumbe ukija kwenye simu yako ujue cha kuuliza.

Nani anashika daftari?

Tuanze na kitu unachokijua. Unapomtumia mtu shilingi 10,000 kwa simu, hakuna noti inayosafiri. Kampuni ya simu inaandika kwenye daftari lake kwamba salio lako limepungua na la mwenzako limeongezeka. Daftari hilo lina mwenyewe mmoja. Tunamwamini kwa sababu ana leseni, anasimamiwa na Benki Kuu, na ukikosea namba unaweza kupiga huduma kwa wateja ili wajaribu kuizuia pesa hiyo.

Sasa fikiria kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila mwanachama ana kijitabu chake cha hisa. Mwisho wa kikao salio linatangazwa kwa sauti na wote wanalikariri. Kikao kinachofuata, kabla sanduku halijafunguliwa, wanaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Katibu akibadilisha namba usiku, kesho yake wanachama wote watamkatalia, kwa sababu hesabu haiko kwake peke yake.

Blokcheni imejengwa kwa wazo hili la pili. Ni daftari ambalo nakala zake kamili zimehifadhiwa kwenye kompyuta nyingi, katika nchi nyingi, na hakuna kompyuta moja iliyo mkuu wa nyingine. Muamala mpya ukikubaliwa, nakala zote zinauandika. Blokcheni ya kwanza kutumika kwa pesa ni ya Bitcoin. Maelezo yake yalitolewa Oktoba 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo hajulikani kwa uhakika ni nani, au kama ni mtu mmoja au wengi. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uliandikwa Januari 3, 2009.

Kurasa zinafungwaje pamoja?

Miamala haiandikwi mmoja mmoja. Inakusanywa katika fungu, na kila fungu ni kama ukurasa mmoja wa daftari. Fungu hilo ndilo linaloitwa bloku. Cheni ni mnyororo unaoziunganisha bloku hizo.

Mnyororo wenyewe unatengenezwa hivi. Kompyuta inachukua maandishi yote ya ukurasa na kuyapitisha kwenye kanuni ya hesabu. Inatoka alama moja, mithili ya alama ya kidole. Kwa Bitcoin, alama hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha kitu kidogo tu kwenye ukurasa, kwa mfano 5,000 ukaifanya 50,000, alama yote inageuka na kuwa nyingine kabisa.

Kila ukurasa mpya hubeba ndani yake alama ya ukurasa uliotangulia. Kwa hiyo mtu akichezea ukurasa wa 40, alama yake haitalingana tena na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa 41. Akirekebisha wa 41, wa 42 unamsaliti. Itambidi aandike upya kila kitu hadi ukurasa wa leo, halafu awashawishi wenye nakala nyingine waikubali yake.

Wasiofahamiana wanakubaliana vipi?

Kwenye kikundi cha kijijini mnajuana kwa sura. Kwenye intaneti, mtu mmoja anaweza kujifanya watu elfu moja. Kwa hiyo kupiga kura kwa vichwa hakufai. Ilibidi itafutwe njia nyingine ya kuamua nani aandike ukurasa unaofuata, na njia mbili ndizo zinazotumika zaidi.

Njia ya kwanza ni uthibitisho kwa kazi, na ndiyo ya Bitcoin. Mashine zinashindana kubahatisha namba, kama mtu anayejaribu kufungua kufuli la tarakimu bila kujua namba yake. Namba hiyo ni ngumu kuipata, lakini ikipatikana kila mtu anaweza kuihakiki mara moja. Mshindi hupatikana kila baada ya dakika 10 hivi. Ndiye anayeandika ukurasa, na hulipwa sarafu mpya: zilikuwa 50 mwanzoni, na malipo hayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125.

Anayetaka kughushi daftari hili anahitaji nguvu za mashine kuliko nusu ya mtandao mzima, pamoja na umeme wa kuziendesha. Gharama hiyo ndiyo kufuli. Lakini pia ndiyo lawama yake kubwa: mtandao wa Bitcoin hutumia umeme mwingi kwa mwaka kuliko Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja.

Njia ya pili ni uthibitisho kwa dhamana. Mtandao wa Ethereum, uliofunguliwa Julai 2015, ulihamia njia hii Septemba 15, 2022. Anayetaka kushiriki kuhakiki kurasa anaweka rehani sarafu zake, angalau etha 32. Mwandishi wa ukurasa huchaguliwa kwa bahati nasibu kati ya walioweka dhamana. Akifanya udanganyifu, sehemu ya dhamana yake inakatwa. Mabadiliko hayo yalipunguza umeme unaotumiwa na Ethereum kwa zaidi ya asilimia 99.

Kikundi kisicho na mwenyekiti

Kama daftari linaweza kutunza pesa bila mwenyewe mmoja, je, linaweza kutunza pia katiba ya kikundi? Ndivyo walivyowaza waanzilishi wa mashirika yanayoitwa DAO. Katika shirika la namna hii, kanuni zinaandikwa kama programu ndani ya blokcheni. Wanachama wanapiga kura kwa sarafu za kikundi, na kura zikitosha programu inalipa yenyewe. Hakuna mhazini wa kutia saini.

Mwaka 2016 kikundi kimoja, kilichojiita The DAO, kilikusanya etha zenye thamani ya takriban dola milioni 150 za Marekani katika wiki chache. Juni 17, 2016, mtu mmoja alitumia tundu lililokuwamo kwenye programu yake. Aliomba kutolewa fungu lake. Kabla programu haijaandika kwamba ameshalipwa, akaomba tena, na tena. Ni sawa na mhazini anayetoa pesa kwanza na kuandika kitabuni baadaye: mwenye haraka atarudi dirishani mara kumi. Ziliondoka etha kama milioni 3.6, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 50.

Programu haikuharibika. Ilifanya kile ilichoandikiwa kufanya. Baada ya mabishano makali, watumiaji wengi wa Ethereum walikubaliana Julai 20, 2016 kubadilisha daftari ili pesa zirudi kwa wenyewe. Waliokataa waliendelea na daftari la zamani, ambalo lipo hadi leo kwa jina la Ethereum Classic.

Tunakisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mambo mawili. Kwanza, mtu akikuambia blokcheni haiwezi kubadilishwa kamwe, anatia chumvi. Ni ngumu mno kuibadilisha kwa siri, lakini wengi wakikubaliana hadharani inawezekana. Pili, kusema "halina mwenyewe" hakumaanishi watu hawamo. Wapo walioandika programu, na wapo wenye sarafu nyingi. Katika mashirika mengi ya DAO kura huhesabiwa kwa sarafu, si kwa vichwa, hivyo mwenye pesa nyingi ana sauti kubwa.

OneCoin: jina bila kitu

Mwaka 2014, huko Bulgaria, Ruja Ignatova na wenzake walianzisha sarafu waliyoiita OneCoin. Walisema ina blokcheni yake. Waliuza vifurushi vya masomo vilivyoambatana na sarafu, na aliyeleta watu wapya alilipwa kamisheni. Biashara hiyo ilienea nchi nyingi hadi ikafika kwa jirani zetu Uganda, ambako watu wa kawaida waliweka akiba zao na kuwaingiza ndugu na majirani.

Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema OneCoin ilikusanya zaidi ya dola bilioni 4 duniani, na kwamba haikuwa na blokcheni ya kweli. Bei ya sarafu ilipangwa na wakubwa wenyewe. Oktoba 2017 Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens na hajaonekana hadharani tangu hapo. Mwaka 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilimweka kwenye orodha ya watu kumi wanaosakwa zaidi. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mjini New York, Septemba 2023.

Waathirika waliona salio likikua kila walipofungua ukurasa wao. Lakini zile zilikuwa namba tu, zilizoandikwa na mwenye daftari mmoja, bila nakala ambayo mtu wa nje angeweza kuihakiki. Rudi kwenye kikundi chenu: ni kama katibu anayekuambia kila wiki kwamba hisa zako zimeongezeka, ila sanduku halifunguliwi mbele ya wanachama.

Inalinda nini, na hailindi nini?

Hata blokcheni ya kweli inalinda kilichoandikwa, si ukweli wa kilichoandikwa. Chukua mkulima wa kahawa anayepeleka mzigo kwenye chama cha msingi. Mizani ikisoma kilo 68 na karani akaandika 60, blokcheni itaitunza 60 hiyo kwa uaminifu mkubwa miaka yote. Hakuna teknolojia inayosimama badala ya mkulima kuiangalia mizani kwa macho yake na kudai stakabadhi.

Pale wanaoandika wanapoaminika na wanaosoma ni wengi, teknolojia hii ina faida. Tangu 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limeitumia nchini Jordan kuweka hesabu za misaada kwa wakimbizi kutoka Syria wanaonunua chakula madukani.

Jambo jingine ni funguo. Pesa zako kwenye blokcheni zinafunguliwa kwa ufunguo wa siri, ambao mara nyingi huhifadhiwa kama maneno 12 au 24 unayopewa mwanzoni. Ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kwenda na kitambulisho upewe mengine. Ukimpa mtu maneno hayo, umempa sanduku na kufuli zake zote tatu. Na ukishamtumia tapeli sarafu, hakuna huduma kwa wateja ya kuzuia muamala.

Uliza haya kabla ya kutuma

Nani anashika daftari, na je, naweza kuliona? Daftari la Bitcoin au la Ethereum linasomwa na yeyote mwenye intaneti, bila malipo na bila namba ya siri. Kama salio lako linaonekana tu ndani ya programu ya mtu aliyekuita, hilo ni daftari la mtu mmoja.

Faida inatoka wapi? Kuandika miamala hakuzai asilimia kadhaa kila wiki kwa kila mtu. Kama malipo yako yanategemea kuleta watu wapya, basi pesa yako ndiyo inayomlipa aliyetangulia, na wewe unamsubiri atakayekuja nyuma yako.

Naweza kutoa pesa yangu leo? Ukiambiwa ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungulia" ndipo utoe, usiongeze hata senti.

Nani anamsimamia? Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Kenya ilitunga sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali za kidijitali mwaka 2025. Sheria zinabadilika, kwa hiyo mwambie anayekuuzia akuonyeshe leseni yake, kisha uihakiki kwa mamlaka iliyoitoa, si kwa picha aliyokutumia.

Na kama umeshatuma, usifute ujumbe kwa aibu. Hifadhi namba za simu, majina ya makundi na kumbukumbu za miamala, mjulishe mtoa huduma wako wa pesa kwa simu haraka, kisha nenda kituo cha polisi. Kama tangazo limeingia kwenye kundi la kikundi chenu, lisomeni kwa sauti kwenye kikao, wote mkiwepo, kabla mwanachama yeyote hajatuma shilingi.